Kisia kwanza, ndipo uendeshe

Mdogo wangu wa mwisho alianza kuanguka kifafa akiwa darasa la tatu. Kijijini kwetu, upande wa Mpwapwa, kila jirani alikuwa na maelezo yake, na mengi yalimuumiza mama kuliko ugonjwa wenyewe. Alipofikishwa hospitali aliandikiwa vidonge vya carbamazepine, na vikamfaa. Miezi ikapita bila kuanguka, akarudi shule. Mimi nilikuwa tayari mwalimu wa fizikia hapa Dodoma mjini. Umeme wa betri na waya naufundisha kila mwaka, lakini sikuweza kumjibu mama swali moja alilouliza akiwa ameshika pakiti ya dawa mkononi: hiki kidonge kikifika kichwani kinafanya nini?

Kwa sababu ya swali hilo nikaanza kusoma sayansi ya neva mtandaoni. Haya nayaandika kwa ajili yako wewe unayeanza sasa, hasa kama uko mbali na maabara, una simu na kompyuta ya kuazima, na muda wako wa kusoma unaanza saa tatu usiku watoto wakishalala.

Ukisema hapa Dodoma kwamba unasoma mambo ya ubongo, mtu wa kwanza atataja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wa pili atakuuliza maana ya ndoto zake. Wajibu kwa heshima, lakini usiwafuate huko mwanzoni. Mimi nilifuata. Nilitazama video za kumbukumbu, hofu, usingizi, lugha. Nikaweza kutaja majina ya sehemu za ubongo kama mtoto anavyotaja mikoa. Miezi minne baadaye nikajaribu tena kujibu swali la mama na sikuwa nimesogea hata hatua. Ubongo wa mtu mzima una neuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Chukua moja. Kaa nayo mpaka uizoee.

Na hiyo moja, ianze kwa sura yake nyepesi kabisa. Mwaka 1907 Mfaransa Louis Lapicque aliieleza neva kama kitu kinachojaa chaji na wakati huohuo kinavuja. Kwetu hapa mfano uko tayari: ndoo yenye tundu chini, imewekwa kwenye bomba. Maji yakiingia polepole, yanayotoka yanalingana na yanayoingia na ndoo haijai kamwe. Yakiingia kwa kasi ya kutosha, yanapanda hadi ukingoni. Neuroni ikifika ukingoni inapiga pigo moja la umeme, inajimwaga, inaanza upya. Ukingo huo ndio kizingiti.

Fungua jedwali la Excel, au lolote lililoko kwenye simu yako, ulijenge hili mwenyewe usiku wa kwanza. Neuroni imetulia kwenye milivolti −70, kizingiti ni −55, ukinzani wake ni megaohmu 10, na muda wake wa kuvuja ni milisekunde 20. Kila mstari ni milisekunde moja. Thamani ya mstari mpya ni ile ya mstari uliopita, ongeza moja ya ishirini ya hiki: (mkondo mara ukinzani) toa (volti ya sasa toa −70). Weka mkondo wa nanoampea 1. Volti itapanda ikielekea −60 na kubaki hapo hata ukijaza mistari elfu. Weka nanoampea 2. Mstari wa kwanza utakupa −69, wa pili −68.05, na kwenye mstari wa 28 kizingiti kitakuwa kimevukwa. Ukikokotoa kwa logi utapata milisekunde 27.7. Niliona namba hizo mbili zimekaribiana, nikainuka kitini nikatembea chumbani. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeitengeneza neuroni, na nilijua kila kilichokuwa ndani yake.

Kabla hujaendelea, tafuta mkondo mdogo kabisa unaoweza kuifanya ipige. Usibahatishe kwa kubadili namba, fikiria ndoo. (Ni nanoampea 1.5, na lazima ipite hapo walau kidogo.)

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mtandaoni kuna simulesheni nzuri za bure, yaani programu zinazoigiza neuroni. Unaona kitelezo cha sodiamu, kitelezo cha potasiamu (chembe zenye chaji zinazoingia na kutoka kwenye neuroni), kitufe cha kuanzisha. Unavuta, mawimbi yanapanda na kushuka, rangi zinapendeza. Nilicheza nazo wiki tatu. Siku moja nikajiuliza: nimejifunza nini? Nikachukua karatasi nichore kitakachotokea nikiongeza potasiamu, mkono ukasita. Nilikuwa nimeona picha mamia na sikuwa na wazo hata moja la kwangu.

Tangu siku hiyo nina daftari lenye kurasa zilizogawanywa mara mbili. Kushoto naandika makisio yangu kabla ya kubonyeza: mstari utapanda au utashuka, mapigo yataongezeka au yatapungua, na kwa nini. Kulia naandika kilichotokea. Kama kushoto hakuna kitu, haturuhusiwi kubonyeza. Nasema haturuhusiwi kwa sababu siku hizi tuko watano, tunakutana Jumamosi mchana kwenye darasa tupu: mimi, dada mmoja nesi wa zahanati, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na fundi simu kutoka Majengo. Fundi simu ndiye aliyetuzidi sote mwanzoni. Nilipochora utando wa seli, chaji huku na huku, akauliza, "Mwalimu, si hii ni kapasita?" Ndiyo, ni kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji, na wanafunzi wa baiolojia walikuwa wamekaa na neno hilo mwaka mzima bila kuligusa.

Ukurasa wa kulia ukikubaliana na wa kushoto, endelea. Ukikataa, hapo ndipo pa kukaa jioni nzima. Nitakupa mifano mitatu iliyotukataa sisi.

Yote mitatu tuliipata kwenye mfumo wa Hodgkin na Huxley, ambao utakutana nao kila kozi. Waingereza hawa, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walifanya kazi na ngisi. Ngisi wao, ndugu wa huyu anayekaangwa Pwani, ana aksoni (uzi mrefu wa neuroni unaopitisha mapigo) nene inayofikia karibu milimita moja, kiasi kwamba waya mwembamba unaweza kupitishwa ndani yake. Mwaka 1952 walichapisha milinganyo inayoeleza jinsi milango ya sodiamu na ya potasiamu kwenye utando wa neuroni inavyofunguka na kufungwa kufuatana na volti, na mwaka 1963 wakapata Nobel pamoja na John Eccles. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa kwa marekebisho, hivyo Huxley alilikokotoa pigo linalosafiri kwa mashine ya kuzungusha mkono, kazi ya kama wiki tatu. Huwa nawaambia wenzangu hilo umeme unapokatika na kompyuta ina chaji ya dakika kumi.

Mfano wa kwanza. Tuliuliza: tukiivuta neuroni chini kwa mkondo hasi, maikroampea −10 kwa sentimita mraba, kwa milisekunde 30, halafu tukaiachia, itafanya nini? Wote watano tuliandika kwamba itarudi taratibu mahali pake pa kutulia. Tukaendesha. Ilipoachiwa ikapiga pigo kamili. Ukumbi mzima, yaani sisi watano, tukanyamaza. Tulifikiri tumekosea alama mahali, tukarudia, ikapiga tena.

Maelezo yake yametufundisha kuliko video zote. Mlango wa sodiamu una vizuizi vya namna mbili: kimoja hufunguka haraka volti ikipanda, kingine huufunga mlango baadaye kidogo. Hata neuroni ikiwa imetulia, hicho kizuizi cha pili kimeshafunga sehemu ya milango; kwenye milinganyo utaona thamani yake ni kama 0.6, yaani karibu milango minne kati ya kumi haiko tayari. Ukiivuta neuroni chini, milango hiyo inaachiliwa, na wakati huohuo ya potasiamu inafungwa. Ukiiachia ghafla, sodiamu ipo tayari kwa wingi na potasiamu ya kuizuia haipo. Lazima ipige. Ningeambiwa hili kwenye video ningetikisa kichwa na kulisahau kesho yake.

Mfano wa pili ni mfupi. Mkondo wa 10 unaifanya ipige mfululizo. Je, mkondo wa 200? Fundi simu aliandika "itapiga kama cherehani". Ilipiga mara moja, ikayumba, ikakaa juu kimya. Milango ya sodiamu imefungwa na hicho kizuizi cha pili na haipati nafasi ya kushuka ili ifunguliwe tena. Neuroni inaweza kunyamaza kwa kusukumwa kupita kiasi.

Mfano wa tatu aliuleta dada nesi, na ulinigusa mimi kama mwalimu. Aliikagua milinganyo mstari kwa mstari, akaniuliza, "Shikamoo mwalimu, samahani, pampu iko wapi?"

"Marahaba. Pampu ipi?"

"Ile ya sodiamu na potasiamu. Chuoni nilifundishwa kwamba baada ya pigo pampu ndiyo inayorudisha volti chini. Humu siioni, na volti inarudi."

Hakukosea kuona. Kwenye milinganyo ya 1952 hakuna pampu. Volti inashuka kwa sababu milango ya sodiamu imefungwa na ya potasiamu imefunguka; potasiamu inatoka, basi. Pampu, inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, inafanya kazi yake polepole, saa zote, kulinda tofauti ya ndani na nje. Pigo moja hutumia sehemu ndogo mno ya akiba hiyo. Pampu ikizuiwa, aksoni kubwa ya ngisi huendelea kupiga kwa muda mrefu kabla ya kuchoka. Nikamwambia: maji ya visima vya Mzakwe yanapandishwa na pampu hadi kwenye tangi. Ukifungua bomba lako mtaani Kisasa, maji yanatoka kwa presha ya tangi, hata kama dakika hiyo pampu imezimwa. Pampu ikifa wiki nzima ndipo utalia. Akacheka, akaandika, kisha akasema sentensi ambayo bado naikumbuka: "Kumbe nilikuwa najibu mtihani vizuri kwa miaka na sielewi." Ndugu yangu, kama una elimu ya afya, usiione kuwa ngao. Ipeleke ikajaribiwe kwenye milinganyo.

Ukishauzoea mfumo huu, acha vitelezo visivyo na maana na uulize maswali ya vitu unavyovijua. Sodiamu ikizibwa kabisa? Hiyo ni sumu ya bunju, samaki ambaye wavuvi wa Pwani wanamwogopa. Na kwa namna ya upole na ya muda, ni sindano ya ganzi ya daktari wa meno. Potasiamu ikizibwa? Ndani ya sumu ya koboko mna vitu kadhaa, na kimojawapo huziba aina fulani za milango ya potasiamu. Punguza potasiamu kwenye mfumo wako uone pigo linavyoshindwa kushuka kwa wakati. Na ile ninayoipenda zaidi iko juu ya kitanda chako. Dawa iliyomo kwenye chandarua, permethrin au deltamethrin, ni ndugu wa pareto inayolimwa Nyanda za Juu Kusini, na kazi yake ni kuuchelewesha mlango wa sodiamu wa mdudu usifungwe. Neva za mbu zinapiga na kupiga, anaanguka. Baadhi ya mbu sugu wana badiliko dogo kwenye mlango huohuo, dawa haiushiki vizuri. Kwenye programu yako kifanye kile kizuizi cha pili kiwe kizito, mara tano polepole zaidi. Ila kwanza, ukurasa wa kushoto.

Kuhusu kuandika programu yenyewe. Usianze na programu za NEURON wala Brian, ingawa zote ni za bure na ni nzuri. NEURON, iliyoanzishwa na Michael Hines na John Moore huko Marekani, ni ya seli zenye matawi na maumbo halisi. Brian ni ya kuunganisha seli nyingi kwa mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu. Utazihitaji baadaye. Mfumo wa seli moja uandike mwenyewe kwa Python, mistari isiyozidi hamsini, na kama kompyuta yako ni dhaifu tumia Google Colab ili kazi ifanyike kwenye mashine zao. Utakwama mahali patatu, maana kila niliyemfundisha amekwama hapo.

Kwanza alama. Karatasi za 1952 zinahesabu volti kuanzia sifuri ya kutulia na kuigeuza alama, kupanda kukiwa hasi. Vitabu vya sasa huanzia −65. Ukichukua mlinganyo mmoja huku na mwingine kule, seli yako itakuwa kichaa na utajilaumu bure. Chagua chanzo kimoja ubaki nacho.

Pili, hatua ya muda. Tumia milisekunde 0.01. Mimi niliweka 0.5 ili kazi iishe haraka, namba zikaruka hadi mabilioni kisha zikatoweka kabisa. Pigo zima linachukua milisekunde chache, na sodiamu inafunguka ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ukiruka kwa hatua ndefu unapita juu yake.

Tatu, sifuri kugawanywa kwa sifuri. Volti ikiwa −40 kamili kwenye mlinganyo wa sodiamu, au −55 kwenye ule wa potasiamu, programu inakataa. Jibu sahihi hapo ni 1 kwa ule wa kwanza na 0.1 kwa wa pili. Yaandike kama hali maalumu.

Video zipakue kwa bando la usiku na uzitazame bila mtandao. Tazama dakika kumi, funga, fanya. Cheti kitakuja au hakitakuja. Kozi ya Neuromatch iliyoanza 2020, wakati wa Korona, ina mazoezi yake wazi mtandaoni, lakini ni ya mtu aliyekwisha kufanya haya niliyoyaeleza. Ukiingia mapema utaondoka na huzuni. Maneno ya Kiingereza yaandike yalivyo, na kando ya kila neno eleza kwa Kiswahili chako, hata kama sentensi ni tano. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili, hujalielewa bado.

Niliwahi kuuliza swali la joto kwa ajili ya kujifurahisha. Milinganyo ya ngisi iko kwenye nyuzi 6.3. Mchana wa Oktoba hapa kwetu nyuzi 30 ni kawaida, kwa hiyo nikaweka 30. Milango yote ikaenda mbio zaidi ya mara kumi na mbili, na pigo likasinyaa mpaka likakaribia kutoweka. Ngisi ana bahari yake ya baridi, na milinganyo yake inaishi humo. Kumbuka hilo kila unapotaka kuutumia mfumo huu kumsemea mtu.

Kwa sababu nilijaribu. Nilipoona kwamba carbamazepine inahusiana na milango ya sodiamu, nilikaa usiku nikapunguza sodiamu kidogo kidogo hadi mapigo yakakoma. Nikaandika kulia: dawa inazima neuroni. Halafu nikatazama ukurasa ule kwa muda mrefu, kwa sababu haukuwa kweli. Mdogo wangu anameza dawa hiyo asubuhi, anatembea, anasoma, anamtania mama. Neuroni zake zinapiga.

Ilinichukua majuma mawili kupata palipopungua. Dawa hii haipunguzi milango yote sawasawa. Inaishika zaidi ile iliyokwisha kujifunga baada ya pigo, inaichelewesha kurudi tayari. Neuroni inayopiga kwa mwendo wa kawaida ina muda wa kupumzika, milango yake inajiachilia, na dawa haiisumbui sana. Neuroni inayopiga mfululizo kwa kasi, kama zinavyofanya kwenye kifafa, inakuta kila pigo milango mingi zaidi imeshikwa, mpaka inashindwa kuendelea. Niliongeza hali hiyo moja kwenye programu, nikapima mwendo wa polepole na mwendo wa kasi. Wa polepole ukapita. Wa kasi ukafifia na kukatika.

Nilimpigia mama saa nne usiku. Nilimwambia dawa ni kama askari wa barabarani anayewaacha waendao taratibu na kuwasimamisha wanaokimbia. Akasema, "Haya mwanangu, nimeelewa. Kwa hiyo asiache kumeza." Asiache, mama. Na wewe unayesoma, kama una mgonjwa nyumbani, simulesheni isikupe ujasiri wa kugusa kipimo cha dawa yake. Hiyo ni kazi ya daktari anayemjua mgonjwa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kibaya kuliko cha mwanzo.

Kikundi chetu sasa kimefika kwenye seli mbili. Tumeziunganisha kwa sinapsi, kiungio cha neuroni na neuroni, ili kila moja ikipiga imsukume mwenzake chini. Swali la mwezi huu: je, moja itashinda na kuinyamazisha nyingine moja kwa moja, au zitapokezana? Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba itashinda iliyoanza. Dada nesi anasema zitapokezana, na sababu aliyoandika ni ule mfano wetu wa kwanza: anayesukumwa chini akiachiwa, anapiga. Fundi simu amechora mistari yote miwili na kukataa kuchagua, nikamrudishia daftari achague. Jumamosi tutaendesha.